Kemshafti ya Mama Mkwe

Chapchapu hakuwa mtu wa kukaa. Hilo tuliweke wazi mapema, maana mtaani wapo waliosema alikuwa mlevi, na wengine wakasema ana mwanamke wa nje. Uongo mtupu. Huyo bwana alikuwa na kiherehere tu. Alikula amesimama, kijiko mkono huu, spana mkono ule. Ukimweleza jambo, kabla hujafika katikati ameshalimalizia yeye mwenyewe, tena vibaya, na ameshaondoka zake. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika hata na wazazi wenyewe.

Mke wake alikuwa mfumaji wa masweta ya shule. Alipomchoka aliacha nguo, akaacha viatu, akaacha hata chanuo juu ya kitanda. Alichobeba ni mashine yake ya kufuma. Mashine ile haibebwi na mtu mmoja. Walikuja wanaume wawili kuichukua, mchana kweupe, wakapita nayo mbele ya gereji, wakamsalimia Chapchapu aliyekuwa amelala chini ya gari la mteja, naye akawaitikia vizuri tu bila kutoa kichwa nje. Aliporudi nyumbani akakuta meza tupu. Hapo ndipo alipojua kwamba hakuna masihara tena, mke amerudi kwao mlimani, na amerudi na kazi yake.

Alijaribu kumfuata. Mama mkwe akamzuia getini.

Mama mkwe huyu alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono migumu kuliko ya fundi. Alikuwa akisomba mawe ya kujengea kutoka machimboni bondeni, akiyapandisha mlimani kwa pikapu ya marehemu mumewe. Pikapu yenyewe ilikuwa imekufa wiki hiyohiyo: moshi, kelele, nguvu hakuna.

"Mimi mambo yenu ya ndani siyaingilii," alimwambia. "Ila gari langu limekufa na wewe ni fundi. Litengeneze. Likipanda mlima huu na mzigo wake, utapanda nalo, utaingia ndani, utakaa na mkeo mzungumze. Lisipopanda, na wewe usipande. Sitaki mtu wa kuja kupiga kelele getini kwangu kila jioni."

"Sawa, mama," Chapchapu alijibu. Alijibu mama alipofika kwenye "wewe ni fundi". Yaliyofuata aliyasikia nusunusu, mguu mmoja ukiwa tayari barabarani.

Basi akaifungua injini yote na kuanza kuisuka upya. Pistoni mpya. Hedi, kile kichwa cha injini, akaipeleka kusagwa kidogo ili isawazike. Kazi safi, hakuna wa kumsema. Tatizo likawa kemshafti. Kwa asiyejua, kemshafti ni ule mtaimbo wenye nundu unaozunguka juu ya injini na kuzisukuma valvu, vile vilango vya kupitishia hewa, moja baada ya nyingine, zifunguke na kujifunga. Nundu za ile ya zamani zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa bapa. Na ya kiwandani haikupatikana tena, gari lenyewe lilikuwa la enzi za kina babu. Ilibidi itafutwe mbadala, na mbadala ziko za kila namna.

Chapchapu hakutafuta. Alikuwa nayo moja rafuni, ya mashindano. Ndiyo iliyompa jina kwa vijana wanaokimbiza magari: nundu ndefu, pana, zinazoziacha valvu wazi muda mrefu, na gari likishika kasi hupumua mpaka raha. Akaifunga. Tena moyoni alikuwa na lake. Alitaka mngurumo utangulie kupanda mlima kabla ya gari, uingie dirishani kwa mkewe, mwanamke aache kufuma na ajue nani anakuja.

Jamani! Gari halikufika hata kona ya kwanza.

Kemshafti ya aina ile inapenda mbio, na pikapu iliyojaa mawe haina mbio. Injini ilinguruma, ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye usukani, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, Chapchapu akaruka chini, akachomoa jiwe kwenye mzigo na kulisukumiza nyuma ya tairi. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma.

"Linapiga kelele kama lina nguvu," alisema tu.

Walipolirudisha gereji kwa mteremko, mama alishuka, akampa ufunguo. "Nakupa nafasi nyingine, moja. Ikishindikana nalipeleka kwa fundi mwingine, na mwanangu nitamwambia akodi chumba cha duka hukohuko juu, ajue moja."

Siku hiyo Chapchapu hakumeza kitu. Kesho yake duka la spea lilipofunguliwa, alikuwa mlangoni tayari, akijikuna shingo, akihesabu mabango ya matairi bila kuyasoma. Muuza spea alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye tangu duka lianze hajahama kiti. Walifahamiana tangu ujana.

"Nipe kemshafti ya pikapu ya mama mkwe," Chapchapu alisema kutoka mlangoni.

"Karibu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Nipe basi."

"Ipi sasa? Ninazo tatu, na zote si za kiwandani. Gari linafanya kazi gani?"

"Linabeba mawe."

"Mengi kiasi gani?"

"Mengi!"

"Linapanda kwa gia ya ngapi? Likiwa katikati ya mlima injini inazunguka kasi au taratibu? Linakufa ghafla au linachoka pole pole?"

Chapchapu alifungua mdomo amalizie jambo kama kawaida yake, akakuta hana la kumalizia. Hakujua. Alikuwa ameifungua injini ya gari lile mpaka nati ya mwisho, na hakujua linaishije.

"Wewe fundi gani?" muuza spea alimcheka. "Mpigie mwenye gari. Mimi nipo, siendi popote."

Kumpigia mama mkwe! Baada ya aibu ya jana! Alitoka nje, akaingia ndani, akatoka tena. Mwisho akapiga moyo konde, akapiga na simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Limeshapona?"

"Bado, mama. Nilikuwa nataka kuuliza. Huwa unapanda na gia ya ngapi?"

"Ya kwanza. Nikiwa na bahati, ya pili mpaka kwenye kona."

"Kona ya kwanza?"

"Ya pili. Ile yenye mfereji. Pale ndipo linapoanzaga kuchoka, tangu zamani. Baba yenu alikuwa anashuka anasukuma, mimi nakaa kwenye usukani. Anasukuma huku ananifokea eti nakanyaga mafuta sana."

Chapchapu alikuwa na jibu mdomoni. Alilimeza, kwa kuwa alihitaji kujua yaliyobaki. Mama akaendelea. Kumbe gari likipakiwa hulalia kushoto. Kumbe hulipeleka taratibu kabisa, kwa sababu njia ina mashimo na mawe yakirukaruka yanavunja ubao wa nyuma. Kumbe hata siku moja, katika maisha yake yote, mama hajawahi kulikimbiza gari lile. Alieleza na kueleza, na Chapchapu alisimama kwenye baraza la duka akizungusha ufunguo wa gari kwenye kidole, miguu ikiwasha, akiitikia "eeh, mama" pale tu mama aliponyamaza.

Alipoingia ndani, muuza spea alikuwa ameshaitoa moja na kuiweka mezani. Ilikuwa na nundu fupi, za kinyonge, ungedhani zimetoka kwenye cherehani.

"Hii?" Chapchapu alisikitika.

"Hiyohiyo. Valvu zinafunguka kidogo na kujifunga mapema. Chini kule, kwenye mzunguko wa taratibu, ndiko nguvu yake iliko. Ukiikimbiza inachoka. Na hii karatasi yake, inakwambia valvu zifunguke wakati gani. Isome, ndugu yangu."

Chapchapu aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka mbio.

Mama mkwe alikuja gereji mchana, akaketi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani. Macho yakabaki mikononi mwa fundi. Mtu akikutazama hivyo huku unafanya kazi, hata nati zinakataa kushika! Chapchapu alifunga kemshafti mpya juu ya hedi, akachukua ile gia yake kubwa, akaivika cheni.

Sasa hapa panahitaji akili. Cheni ile inaunganisha kemshafti juu na krenki chini, inayopandisha na kushusha pistoni. Lazima vyote viwili viende kwa mpango mmoja. Valvu ikishuka, pistoni iwe imeshaipisha. Zikikutana njiani, valvu inapinda, pistoni inatoboka, na kazi yote unaianza upya, kama unazo pistoni nyingine. Chapchapu hakuwa nazo. Ndiyo maana gia huwekwa alama za kulinganisha. Kiwanda kilikuwa kimeweka nukta yake kwenye gia ile. Na Chapchapu naye, alipofunga ile ya mashindano, aligonga nukta yake kwa patasi, maana kemshafti ile ilikuwa imechongwa kivyake, pini yake ya kushikia gia ikiwa pembeni, ikabidi gia irudishwe nyuma meno matatu. Alikuwa akifanya hivyo kwa kila gari la mashindano. Vijana waliiita nukta ya Chapchapu, naye alijisikia.

Mkono wake ukaenda kwenye nukta ileile, ya kwake. Haukumuuliza. Akalinganisha, akakaza, akafuta jasho.

"Tayari, mama! Tunawasha."

Akageuka kuchukua betri, akakumbuka. Betri ilikuwa ng'ambo ya barabara kwa fundi betri, inachajiwa.

"Bado!" fundi betri alimpigia kelele hata kabla hajaulizwa. "Kaa utulie, Chapchapu!"

Kukaa! Kutulia! Alizunguka gari. Akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Akamwuliza mama kama atakunywa maji, mama akasema hapana, akamletea maji. Damu ilikuwa inamchemka. Kila dakika aliyongoja ilikuwa dakika ya mkewe kuzoea kule juu, kupanga nyuzi zake kwenye rafu mpya, kuona kwamba maisha bila yeye yanawezekana, tena yana utulivu. Hakuweza kuvumilia. Kwa kuwa hakuna betri, alichukua spana kubwa, akaiweka kwenye nati ya krenki mbele ya injini, akaanza kuizungusha kwa mkono. Si kwamba alikuwa anapima. Alitaka tu kitu kizunguke.

Ikazunguka. Ikazunguka. Ikagoma.

Akasukuma kidogo. Ikakataa. Haikuwa ile ya kubanwa na mafuta mazito au pete mpya za pistoni, hiyo aliijua. Hii ilikuwa chuma kwa chuma. Chapchapu aliachia spana kana kwamba imemuunguza, na jasho la pili likamtoka, la baridi.

Angekuwa na betri, angekuwa ameshabonyeza. Stata, ile mota ya kuwashia, haina masikio, ingeizungusha injini ile kwa nguvu zote, na valvu zote zingekuwa zimepinda kabla mama mkwe hajafunga mkoba. Kwa mara ya kwanza kiherehere kilikuwa kimemwokoa, na kilimwokoa kwa bahati tu.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

Midomo yake ilikuwa tayari kusema hakuna kitu. "Nimekosea," akasema. "Nimefunga kwa alama yangu mimi. Kemshafti hii si ya kwangu, ni ya kazi yako. Naomba muda, mama."

"Chukua."

Alirudisha krenki nyuma taratibu, akafungua gia, akailinganisha na nukta ya kiwanda. Angeweza kuishia hapo, mafundi wengi huishia hapo. Lakini alishaogopa, na mtu akishaogopa huanza kusoma karatasi. Akaikunjua ile ya mfukoni. Ukutani kulikuwa na bati la mviringo lenye digrii, pamoja na kipimo chenye mshale kama wa saa, alivyonunua zamani kwa mbwembwe na kuviacha vipigwe vumbi. Akavishusha. Bati akalifunga kwenye krenki, akatafuta pistoni ya kwanza inafika juu kabisa wapi, mshale akauegemeza kwenye valvu. Kisha akaizungusha injini kidogo kidogo, macho kwenye mshale, macho kwenye bati.

Valvu ilichelewa. Si sana, digrii chache, lakini ilichelewa hata kwa nukta ya kiwanda. Alikaa akiangalia. Kisha akakumbuka: hedi ilisagwa! Imeshuka, cheni imelegea kidogo, na kemshafti imebaki nyuma. Gia ile ilikuwa na matundu matatu ya pini, na miaka yote alidhani mawili ni ya ziada. Akahamishia pini kwenye tundu la pili, kemshafti ikasogea mbele kidogo, akapima upya. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza wakati wote, ukipiga sakafu kama cherehani, lakini mikono ilitulia.

"Chapchapu!" Ilikuwa sauti ya fundi betri kutoka ng'ambo. "Betri imejaa! Njoo uchukue!"

"Subiri!"

"Nani asubiri?"

"Wewe! Subiri nimalize!"

Barabara nzima ilisikia. Muuza matunda aliacha kupanga machungwa, akamwuliza jirani kama huyo fundi ni mzima. Chapchapu hakugeuka. Aliizungusha injini raundi mbili kamili kwa mkono, kisha mbili nyingine. Ikazunguka laini, bila kugusa popote. Ndipo akafuata betri.

Injini iliwaka mara moja. Sauti yake haikuwa na sifa yoyote, ilinguruma kwa adabu tu, mtu angeweza kulala ubavuni mwake. Chapchapu aliona haya kidogo. Mama mkwe alisimama, akapanda, akamwonyesha kiti cha pembeni.

Machimboni walipakia mawe mpaka gari likalalia kushoto. Kisha mlima. Chapchapu alikalia mikono yake. Kona ya kwanza wakaipita. Mama hakubadili gia. Kona ya pili ikaja, ile yenye mfereji, na Chapchapu akajikuta anakanyaga sakafu kana kwamba kuna mafuta upande wake. Injini ikalemewa kidogo, ikavuta, ikaendelea kuvuta. Mama mkwe alitazama mbele. Alipita pale macho yakiwa yamelowa, na mkwewe akaangalia dirishani upande wa pili kwa heshima.

Getini mama alimwambia, "Shuka. Mimi napeleka mawe ya watu." Akaondoka na gari.

Mkewe alikuwa barazani mbele ya mashine yake, sweta la kijani limefika kwenye bega. Hakusimama. Chapchapu alikuwa amepanga la kusema tangu machimboni, na alikuwa na furaha ya kupasuka.

"Limepanda," alisema. "Na mzigo wote. Umeliona?"

"Nimeliona. Mama aliniambia ulimpigia simu."

"Nilimpigia. Ilibidi, unajua kemshafti—"

"Alikuwa ananisimulia huku anacheka. Ulimwuliza anapanda na gia ya ngapi. Akakwambia linachoka wapi, likipakiwa linalalia wapi. Akakwambia mpaka habari za baba, na hukumkatiza." Alisimamisha mashine. "Miaka yote hii mimi nilikuwa najiambia, mume wangu hawezi. Ndivyo alivyoumbwa, hawezi kumsikiliza mtu, nimvumilie. Nilikuwa nakutetea kwa watu. Kumbe unaweza. Kumbe ulikuwa unaweza siku zote."

Furaha yote ilimwisha palepale. Alitafuta mahali pa kukimbilia, maana hilo ndilo alilolijua: gari la kuangalia, mteja wa kuitikia, hata tairi la kupiga teke. Gari lilikuwa limeshaondoka. Akabaki amesimama barazani na mikono yake michafu, na maneno yale yakamwingia mpaka ndani.

"Nimekuumiza," alisema mwishoni.

"Ndiyo. Kaa."

Akakaa. Mkewe akaanza, na hakuanza na makubwa. Uzi mweusi unamuumiza macho, na alishamwambia mara ngapi. Shule moja ilimpa kazi kubwa akataka ushauri, akaikataa peke yake, akabaki kujuta. Jioni hula amekaa mkabala na kiti kitupu, huku mtu wa kiti hicho anatafuna amesimama dirishani. Aliogopa kuzaa naye, asije mtoto akamwita baba yake na baba awe ameshatoka. Chapchapu miguu ilimwasha, shingo ikamwasha, mara mbili akafungua mdomo na mara mbili akaufunga. Jua lilihama barazani likaenda ukutani. Mkewe alilia kidogo, akapenga kamasi kwa kipande cha sweta lililoharibika, akaendelea.

Alipomaliza, hakuwa amesema kwamba anarudi. Chapchapu alingoja aone kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Swali lilikuwa linamchoma ulimi, naye hakuliuliza. Aliuliza jingine.

"Naweza kuja tena kesho?"

Mkewe aliirudisha mashine kwenye mstari, akavuta uzi.

"Njoo," alisema. "Lakini uje kwa miguu."

Kesho yake wateja walikuta gereji imefungwa.